Kipeperushi kinasema hapana, mbunge anasema ndiyo: kura za maji safi Iowa zinasomwaje?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, wa mwisho ana miezi minne. Tulitoka Kivu, tukaishi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa tuko Des Moines, Iowa. Mimi nimeshapata uraia, mume wangu bado ana grinikadi. Kiangazi cha 2025 tulikatazwa kumwagilia majani kwa sababu ya naitreti mtoni, na mimi maji yote ya mtoto nayachemsha kwanza. Sasa tumeletewa kipeperushi kinachosema mbunge wetu wa jimbo ana alama nyekundu, za chini kabisa, kwa kura zake za mazingira. Jumamosi mwenyewe akapita mtaani kwetu kugonga milango. Nikamuonyesha. Akacheka, akasema amepigia kura mamilioni ya dola za maji safi. Nani mwongo hapo? Mtu mmoja kanisani kwetu anasema kura za wabunge ni siri, huwezi kuziona. Mwingine anasema chama kile wote ni wale wale, nisijisumbue. Na mume wangu anauliza kama naye anaweza kujiandikisha kupiga kura, maana analipa kodi kama watu wote."*

Marahaba, mama. Kabla ya wabunge tuanze na maji ya mtoto, maana hilo halingoji. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti (kemikali ya naitrojeni inayotoka hasa kwenye mbolea na samadi). Maji yakipungua kwa mvuke, naitreti inabaki sufuriani, kwa hiyo unaishia kumpa mtoto maji yenye naitreti nyingi kidogo kuliko yale yaliyotoka bombani. Kama nyumba yenu inatumia maji ya bomba ya mji, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na serikali ya Marekani ni miligramu 10 kwa lita, naitreti ikihesabiwa kama naitrojeni. Mwezi Juni 2025 mlikatazwa kumwagilia majani ili mitambo iweze kusafisha maji ya kutosha ya kunywa na kuyaweka chini ya kiwango hicho. Hayakuwa yamekivuka bombani kwenu. Kama mnatumia kisima, habari ni nyingine kabisa: pigia simu idara ya afya ya kaunti yenu, kwa sababu Iowa ina mpango wa kupima visima vya watu binafsi bila malipo. Mpaka majibu yatoke, maziwa ya unga ya mtoto wa chini ya miezi sita yakorogwe kwa maji ya chupa. Na mtoto akianza kuonekana wa bluu au kijivu (kwa watoto wetu weusi angalia fizi, ndani ya midomo na kucha), piga 911, namba ya dharura, papo hapo.

Sasa nije kwenye ugomvi wa kipeperushi na mbunge. Ulichoniuliza hasa ni nani mwongo. Kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna. Wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli, na bado wewe ukabaki hujui mbunge wako alifanya nini kuhusu mto unaokupa maji.

Kwanza nimsahihishe yule ndugu wa kanisani. Kura za wabunge wa jimbo si siri. Katiba ya Iowa inasema muswada haupiti mpaka wingi wa wajumbe wote waliochaguliwa waukubali, na kwamba katika kura ya mwisho majina ya waliosema ndiyo na waliosema hapana yaandikwe kwenye kumbukumbu rasmi. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 100, kwa hiyo zinahitajika kura 51. Seneti ina 50, zinahitajika 26. Mbunge akibonyeza kitufe, jina lake linawaka kwenye ubao, na siku hiyo hiyo kura inaingia kwenye tovuti ya Bunge la jimbo. Wale mliokuwa mkisikiliza Bunge la Dodoma redioni mnakumbuka ile sauti ya pamoja ya "ndiyooo", kisha spika anatangaza kwamba waliosema ndiyo wameshinda, na nani alisema nini hujui. Huku nako kuna kura za sauti, lakini kwa kura ya mwisho ya muswada, jina lazima lionekane.

Lakini ndugu yako hakukosea kabisa, na hapa ndipo ningependa utulie nami kidogo. Kura ya mwisho ni kituo cha mwisho cha safari ndefu, na miswada mingi ya mazingira haifiki huko. Inafia njiani, mahali ambapo hakuna jina linaloandikwa.

Safari yenyewe iko hivi. Bunge la Iowa huanza Jumatatu ya pili ya Januari na hukaa siku mia moja na kitu. Muswada ukishawasilishwa, mwenyekiti wa kamati ndiye anayeamua kama utapewa kamati ndogo, ambayo kwa kawaida ina watu watatu. Asipoupanga, umekwisha. Hakuna kura na hakuna wa kulaumiwa. Ukipangiwa kamati ndogo, watu watatu hao wanaukalia, wanasikiliza wananchi na washawishi wa makampuni, kisha wawili wakisaini unaendelea. Baada ya hapo kamati nzima. Kisha kuna tarehe mbili ngumu ambazo watu wa Bunge huziita wiki za faneli, moja Februari au mwanzo wa Machi, nyingine Machi au mwanzo wa Aprili, kutegemea mwaka. Muswada ambao haujatoka kwenye kamati ya upande wake kufikia faneli ya kwanza, au kwenye kamati ya upande wa pili kufikia faneli ya pili, unawekwa kando kwa mwaka huo, isipokuwa miswada ya fedha na kodi na ile ya viongozi wenyewe. Ukivuka faneli zote mbili, bado kiongozi wa chama chenye wabunge wengi ndiye anayeamua siku ya mjadala. Akiamua isiwepo siku, haipo.

Chukua suala la nguruwe, kwa kuwa ndilo linalogusa mito yenu. Iowa ina watu wapatao milioni 3.2, na nguruwe zaidi ya milioni 20. Samadi ya mabanda hayo makubwa, pamoja na mbolea ya mashamba ya mahindi, ndiyo chanzo kikubwa cha naitreti. Ripoti iliyoagizwa na Kaunti ya Polk, kaunti ya Des Moines, na kutolewa mwaka 2025, ilikadiria kwamba kilimo kinachangia takriban asilimia 80 ya naitrojeni katika mito ya Des Moines na Raccoon. Kaunti zenyewe haziwezi kukataza banda jipya. Tangu miaka ya 1990 sheria ya jimbo imewanyima uwezo huo, wanabaki kupendekeza tu. Kwa hiyo anayetaka mabanda mapya yasimamishwe kwa muda lazima apitie Bunge la jimbo, na miswada ya namna hiyo imewasilishwa zaidi ya mara moja. Ukitafuta mbunge wako aliipigiaje kura, hutapata kitu. Haikufika ukumbini. Alama zake kwenye kipeperushi haziongezeki wala hazipungui kwa sababu ya jambo ambalo pengine ndilo kubwa kuliko yote kwa maji yako.

Kuna mfano mwingine unaoniudhi zaidi. Novemba 2010 wananchi wa Iowa waliulizwa kama wanataka katiba ianzishe mfuko wa maliasili na burudani za nje, utakaolipia maji, udongo na wanyamapori. Asilimia 63 hivi walisema ndiyo. Mfuko ulipangiwa kupata sehemu tatu za nane za senti moja kutoka kodi ya mauzo, lakini siku Bunge litakapopandisha kodi hiyo. Miaka 15 baadaye mfuko ulikuwa bado mtupu, kwa sababu Bunge halijawahi kuipandisha. Hakuna mbunge aliyesimama akaukataa. Kila mwaka wameacha tu.

Sasa ile kauli ya mlangoni, "nimepigia kura mamilioni ya dola za maji safi". Inawezekana kabisa. Januari 2018 Gavana Kim Reynolds alisaini sheria ya kutenga dola milioni 282 kwa miaka 12 kwa ajili ya ubora wa maji, na mwaka 2021 fedha hizo zikaongezewa muda hadi 2039. Mbunge aliyesema ndiyo ana haki ya kukuambia alisema ndiyo. Waliopinga walisema nini? Kwamba fedha ni kidogo kwa ukubwa wa tatizo, na kwamba sheria haimlazimishi mkulima yeyote kufanya lolote wala haiweki vipimo vya kujua kama mto umekuwa safi. Mkakati wenyewe wa jimbo, ulioandikwa mwaka 2013, unataka kupunguza kwa asilimia 45 naitrojeni na fosforasi inayoteremka hadi Ghuba ya Mexico, lakini kwa wakulima ni wa hiari. Kwa hiyo kura ya ndiyo mwaka 2018 mwingine ataiita ya mazingira, mwingine ataiita ya kukwepa mazingira. Mimi nadhani ilikuwa kura ya kufanya kidogo kisha kutangaza sana, ingawa namwelewa aliyesema kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa.

Halafu mwaka 2023, ndani ya muswada wa bajeti ya kilimo na maliasili, dola 500,000 zilihamishwa kutoka kituo cha utafiti wa virutubisho katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa kwenda idara ya kilimo. Sehemu ya fedha za kituo hicho ndizo zilizokuwa zikigharamia vipimo vilivyowekwa mitoni kufuatilia naitreti saa hadi saa. Hakukuwa na muswada uliosema "tuache kupima mito". Kulikuwa na bajeti yenye mambo mengi, na ndani yake mistari michache. Mbunge anaweza kukuapia kwamba hajawahi kupiga kura dhidi ya maji, na akawa anaamini hivyo. Ndiyo maana nawaambia watu: ukitaka kura za mazingira, usitafute neno mazingira. Fungua bajeti, miswada ya kodi, ya barabara, ya ardhi, ya umeme, na ya nani anaruhusiwa kumshitaki nani.

Turudi kwenye kipeperushi. Mtindo wa kuwapa wabunge alama ni wa zamani. Shirika la kutetea mazingira la League of Conservation Voters lilianza kuwapa alama wabunge wa Bunge la taifa mwaka 1970, na mashirika ya namna hiyo katika majimbo mengi yakafuata. Si uongo, na mimi huzisoma. Ila kumbuka ni mtihani ambao anayesahihisha ndiye aliyechagua maswali. Kati ya mamia ya kura za mwaka, shirika linachagua chache linazoona ni muhimu, linaamua jibu sahihi ni lipi, kisha linagawanya. Kura saba zikichaguliwa, kura moja peke yake inamshusha au kumpandisha mtu asilimia 14. Kwa hiyo nenda nyuma ya kipeperushi, au kwenye tovuti ya waliokituma, uone kura zenyewe ni zipi. Wasipozitaja kwa namba za miswada, kitupe. Wakizitaja, umepata kitu cha maana kuliko ile rangi nyekundu.

Angalia pia wanavyohesabu aliyekosekana. Mashirika mengine huhesabu kutokuwepo kama kura mbaya. Wakati mwingine ni haki, kwa sababu kura 51 zinahitajika hata kama waliohudhuria ni 80, na hivyo asiyekuwepo anasaidia upande wa hapana. Wakati mwingine mtu alikuwa hospitali. Iowa mjumbe aliyekosa kura anaweza kuandikisha kwenye kumbukumbu kwamba angekuwepo angepiga hivi, kwa hiyo kabla ya kumhukumu tafuta maelezo hayo. Na kuna kutokuwepo kwa makusudi. Oregon, mwaka 2019, maseneta 11 wa Republican waliondoka mjini ili muswada wa kudhibiti hewa ukaa usipigiwe kura. Kule akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiendelee, ni 20 kati ya 30, na Wademocrat walikuwa 18. Muswada ukafa katika Seneti bila kupigiwa kura ya mwisho. Wananchi walichukia kutoroka kwa namna hiyo kiasi kwamba mwaka 2022 waliweka kwenye katiba kwamba mwenye siku 10 za kukosa bila ruhusa haruhusiwi kushika kiti chake muhula unaofuata. Iowa akidi ni nusu na zaidi, kwa hiyo mbinu hiyo haiwafai kwenu.

Jambo jingine dogo, lakini limewapotosha wengi. Ukiona kiongozi wa walio wengi amepiga kura ya hapana kwa muswada wa chama chake mwenyewe ulioshindwa, usishangilie. Mara nyingi amejiunga na upande ulioshinda ili kanuni zimruhusu kuomba kura irudiwe baadaye. Na Baraza la Wawakilishi la Iowa lina aina ya kura ya kuhesabu bila majina, inayotumika kwenye marekebisho: inaandikwa ndiyo ngapi na hapana ngapi, basi. Wachache wakileta marekebisho ya kuongeza vipimo vya maji, yakakataliwa kwa kura ya namna hiyo, utajua idadi na hutajua nani. Spika akitamka kwamba marekebisho hayahusiani na muswada, hata idadi hutaipata.

Kuhusu yule anayesema "chama kile wote ni wale wale". Namwelewa. Kwa takwimu za jumla, Wademocrat hupata alama za juu kwenye kadi hizi na Warepublican za chini, katika majimbo mengi, mwaka baada ya mwaka. Lakini Iowa ni mahali pabaya pa kuitegemea kanuni hiyo. Sheria ya kwanza Marekani ya kulazimisha makampuni ya umeme kununua nishati mbadala ilipitishwa Iowa mwaka 1983, na gavana aliyeisaini, Terry Branstad, ni Mrepublican. Leo zaidi ya nusu ya umeme unaozalishwa jimboni unatoka kwenye upepo, na wakulima wa kihafidhina hulipwa pango la ardhi kila mwaka kwa mitambo iliyosimama mashambani mwao. Mbunge wa huko hapigi kura dhidi ya upepo kirahisi.

Mfano bora wa karibuni ni bomba la hewa ukaa. Kampuni ya Summit Carbon Solutions ilitaka kukusanya hewa hiyo kutoka viwanda vya ethanoli (mafuta ya magari yanayotengenezwa kwa mahindi) katika majimbo matano na kuizika chini ya ardhi North Dakota, na kwa mkulima asiyekubali, kutwaa njia ya bomba kwa lazima. Mwaka 2025 muswada namba HF 639, uliokusudia kubana uwezo huo, ulipita Baraza la Wawakilishi kwa kura nyingi za vyama vyote viwili. Seneti haikutaka kuugusa. Maseneta 12 wa Republican wakawaambia viongozi wao wenyewe: hatupigii kura bajeti mpaka muswada huu uje ukumbini. Ukaja. Ukapita kwa kura 27 dhidi ya 22, Warepublican wakiwa wamegawanyika wao kwa wao. Mwezi Juni gavana, naye Mrepublican, akautupa kwa kura ya turufu akisema umekwenda mbali kuliko suala la ardhi. Spika wa Baraza la Wawakilishi alitaka wabunge waitwe kuipindua kura hiyo, Seneti haikukubali.

Sasa niambie, kura ya mazingira hapo ni ipi? Chama cha kutetea mazingira cha Sierra Club, tawi la Iowa, kilisimama upande mmoja na wakulima wahafidhina kupinga bomba. Upande wa pili walikuwemo watu wa ethanoli, vyama vya wafanyakazi wa ujenzi waliongojea ajira, na watu wanaoamini kwa dhati kwamba kuzika hewa ukaa kunapunguza joto la dunia. Kilichoamua kura nyingi ni bomba linapita shamba la nani, na kiwanda cha ethanoli kiko wilaya ya nani. Ndiyo kusema ukitaka kutabiri kura ya mbunge wako, chama chake ni mwanzo tu. Anafanya kazi gani? Ubunge wa Iowa unalipa dola 25,000 kwa mwaka, hivyo wengi wana shughuli nyingine, na wakulima ni wengi humo. Wilaya yake ina nini? Na nani anazungumza naye?

Hilo la mwisho Iowa inalitoa wazi kuliko majimbo mengi, na watu hawalitumii. Kila mshawishi anayelipwa lazima atangaze, kwa kila muswada anaoushughulikia, kama mteja wake anaunga mkono, anapinga au hajaamua. Orodha hiyo iko kwenye ukurasa wa muswada, tovuti ya Bunge. Huhitaji kuelewa kurasa 20 za Kiingereza cha sheria. Fungua orodha uone jumuiya ya wafuga nguruwe iko upande gani, kampuni ya maji iko upande gani, madaktari wako upande gani. Nusu ya muswada umeshauelewa. Mwaka 2024 na 2025 Seneti ilipitisha miswada ya kuzikinga kampuni za dawa za kuua magugu na kesi za watu wanaodai hawakuonywa kuhusu saratani, mradi kibandiko cha dawa kina idhini ya serikali kuu. Kampuni ya Bayer, ambayo ina kiwanda Muscatine, iliutaka sana. Miswada yote miwili ilikwama Baraza la Wawakilishi. Ukisoma orodha ya washawishi ya muswada kama huo, utaelewa kwa nini mbunge mmoja alikuwa anaongea sana na mwingine amenyamaza.

Kwa hiyo kwa upande wako ningefanya hivi. Ingia kwenye tovuti ya Bunge la Iowa, andika anwani yako, upate majina mawili: mwakilishi mmoja na seneta mmoja. Hakikisha aliyegonga mlango ni mmoja wao, maana watu huchanganya wabunge wa jimbo na wale wa Washington, na hata na madiwani. Angalia yuko kamati gani. Kama ni mwenyekiti wa kilimo au maliasili, alichokizuia kina uzito kuliko alichokipigia kura. Kisha mwandikie barua pepe fupi, kwa Kiswahili chako kilichotafsiriwa na mwanao kama Kiingereza kinakusumbua, umuulize mambo mawili tu: je, yuko tayari kuomba vipimo vya mito vipewe fedha za jimbo, na je, mfuko wa 2010 angeupigia kura upewe fedha, ndiyo au hapana? Usimuulize kama anapenda maji safi. Hakuna asiyeyapenda.

Asipojibu, wabunge wengi wakati wa kikao hukutana na wananchi Jumamosi asubuhi, maktaba au ukumbi wa kanisa. Nenda na mtu. Na mkutano wa kamati ndogo uko wazi kwa kila mtu, unaweza kuongea dakika moja au mbili, au kuandika maoni yako mtandaoni. Tatizo lake ni kwamba hutangazwa kwa taarifa fupi, pengine siku moja kabla, na hufanyika mchana watu wakiwa kazini. Wanaofanya kazi viwandani zamu ya pili wana nafuu hapo.

Wasomaji wa majimbo mengine, msichukue ya Iowa yote kama yalivyo. Nebraska ina chumba kimoja tu chenye maseneta 49, na kwenye karatasi ya kura hawatambulishwi kwa chama. Texas wanakutana mwaka wenye namba witiri tu, siku 140, na muda wenyewe unaua miswada. California miswada yenye gharama huwekwa kwenye faili la kusubiri la kamati ya matumizi, na inayobaki humo inakufa bila kura ya majina. Zaidi ya hayo, mjumbe asiyebonyeza kitufe anakuwa kama amesema hapana, kwa kuwa wingi unahesabiwa kwa wajumbe wote.

Nimebakiza swali la mume wako, na hapa sitanii. Mwenye grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) asijiandikishe kupiga kura, wala asikubali mtu wa mtaani mwenye fomu amwambie "saini tu hapa". Kulipa kodi hakumpi haki hiyo, na kujiandikisha au kupiga kura bila uraia kunaweza kumnyima uraia na hata kumfanya afukuzwe nchini, ingawa alifanya kwa kutojua. Aangalie vizuri fomu anapokwenda kuchukua leseni ya udereva, pale wanapouliza kama anataka kuandikishwa. Kama tayari alishasaini kitu cha namna hiyo, asijaze fomu ya N-400 ya kuomba uraia kabla ya kuonana ana kwa ana na wakili wa uhamiaji. Shirika lililowapokea mlipofika linaweza kuwaelekeza kwa wakili asiyetoza au anayetoza kidogo. Kumwandikia mbunge, kukaa kwenye mkutano wa Jumamosi na kuongea mbele ya kamati ndogo anaruhusiwa kabisa, hakuna anayepaswa kumdai cheti cha uraia mlangoni. Wewe uliyepata uraia, ofisi ya mkaguzi wa kaunti ndiyo inayoandikisha wapiga kura, na ukiwa na swali la anwani au kitambulisho nenda dirishani mwenyewe, ukiwa na cheti chako cha uraia mkononi.